Sikiliza Mtandao wa Trekta Kabla ya Kufungua Injini

Leo sitazungumzia mbegu wala mbolea. Nitazungumzia waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja ndani ya trekta ya kisasa, na kwa nini nadhani kila kikundi kinachomiliki trekta kinapaswa kuzijua.

Utaniuliza, bwana shamba na waya za trekta wapi na wapi? Jibu langu ni hili: kalenda ya kilimo ninayokupa haina maana kama trekta imesimama. Naweza kukueleza mvua zikoje, upande lini na kwa nafasi gani, lakini wiki mbili za trekta kuwa gereji wakati wa kulima zinafuta ushauri wote. Tena kuna jambo la pili. Shambani tumekubaliana kwamba hatunyunyizi sumu kwa sababu jani lina tundu. Kwanza tunapita shambani, tunageuza majani, tunahesabu wadudu, ndipo tunaamua. Lakini mashine ikiumwa, tunasahau utaratibu huo. Taa ikiwaka kwenye dashibodi tunaita fundi, na kabla jua halijazama injini iko chini vipandevipande. Nataka tuhamishie ule utaratibu wa shambani kwenye mashine.

Mtandao huu ni kitu gani?

Trekta ya zamani yenye pampu ya dizeli ya kimitambo haina mtandao wowote. Ina waya wa taa, waya wa stata na waya wa geji, basi. Kama yako ni ya aina hiyo, makala hii itakufaa siku ukinunua nyingine, au ukiwa na gari.

Trekta zenye injini inayoongozwa na kompyuta ni tofauti. Ndani yake kuna maboksi kadhaa ya kielektroniki, yale ambayo mafundi wetu huyaita kontroli boksi. Moja ni la injini, jingine la dashibodi, na mara nyingine lipo la giaboksi au la mfumo wa kunyanyulia plau. Maboksi haya yanahitaji kupashana habari. Kama kila moja lingevutiwa waya wake hadi kwa kila jingine, trekta ingejaa waya kama kichaka. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986 mfumo unaoitwa CAN, ambamo maboksi yote yanaunganishwa kwenye waya mbili tu na kuzungumza kwa zamu.

Ufikirie kama mkutano wa kijiji. Kila mmoja anasikia kila kinachosemwa. Boksi la injini halimwiti mtu kwa jina. Linatangaza tu: mzunguko wa injini ni huu, joto la maji ni hili, presha ya oili ni hii. Anayehitaji habari hiyo anaichukua. Wawili wakianza kuzungumza kwa pamoja, mwenye ujumbe wenye namba ndogo zaidi ndiye anayeendelea na mwingine ananyamaza, kisha anajaribu tena. Hivyo ujumbe wa haraka haucheleweshwi na ujumbe wa kawaida.

Kwa sababu kila kitu kinatangazwa hadharani, nawe unaweza kukaa pembeni ya mkutano ukasikiliza bila kusema neno. Huko ndiko kufuatilia mtiririko wa taarifa kwenye mtandao wa gari.

Kilichotokea kwenye trekta ya kikundi

Nikupe mfano halisi wa bonde la Kilombero. Kikundi cha wakulima wa mpunga kina trekta ya nguvu ya farasi 75, iliyonunuliwa kwa mkopo. Msimu wa kulima ukiwa umepamba moto, trekta ilianza tabia mpya. Inalima vizuri nusu saa au saa nzima, kisha taa ya joto inawaka, nguvu inashuka ghafla na plau inakwama ardhini. Dereva akisimama kidogo, taa inazima na nguvu inarudi. Siku mbili baadaye ikawa inafanya hivyo kila baada ya dakika chache.

Fundi aliitwa. Alikuja na kifaa cha kusoma namba za hitilafu, zile ambazo wengi huziita kodi. Kifaa kikamwonyesha 110 na 0. Kwenye matrekta na malori yanayotumia mfumo wa J1939, namba ya kwanza hutaja kitu chenyewe na ya pili hutaja aina ya shida. 110 ni joto la maji ya injini. 0 ni kwamba kipimo kimepita kiwango cha juu cha hatari. Fundi akasema kitu ambacho kwa mtazamo wake kilikuwa sahihi: injini inachemka. Maji yapo, rejeta ni safi, fenibelti imekaza. Kwa hiyo kilichobaki ni gasketi ya silinda hedi au wota pampu, na njia ya kujua ni kufungua.

Kufungua kulimaanisha kutumia fedha yote iliyotengwa kwa ajili ya rejesho la mkopo. Kulimaanisha pia wanachama ambao zamu yao ilikuwa haijafika wangekosa kulimiwa kwa wakati. Kikao kilikuwa kikali. Waliokwisha kulimiwa walisema tufungue tusije tukaua injini kabisa. Ambao hawajalimiwa walisema trekta iendelee hivyohivyo kwa kusimamasimama. Mweka hazina, mama mmoja asiye na maneno mengi, ndiye aliyeniuliza: "Bwana shamba, kabla hatujaigusa hela ya mkopo, hakuna namna ya kujua kwanza?"

Namna ilikuwapo. Nilichomeka kifaa changu kwenye tundu la uchunguzi la trekta, nikaunganisha na kompyuta ndogo, nikaiweka kwenye mfuko na kuufunga imara nyuma ya kiti. Dereva akalima kama kawaida kwa dakika 40, kwa sharti kwamba taa ikiwaka asimame mara moja. Aliporudi tukafungua faili chini ya mwembe, fundi akiwa pamoja nasi.

Boksi la injini hutangaza joto la maji mara moja kila sekunde. Tukashuka na orodha taratibu. 85, 86, 87, 87, 87. Injini imepata joto lake, imetulia. Kisha ghafla: 87, 87, 121, 87, 87. Mbele kidogo: 87, 119, 121, 87. Kila mruko uliambatana na nguvu kupunguzwa.

Naomba ukae na namba hizo kidogo, maana ndizo zilizookoa injini ile. Kutoka nyuzi 87 hadi 121 ni nyuzi 34. Tuseme injini ina lita 10 za maji. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji takriban kilojuli 4.2. Zidisha: 10 mara 34 mara 4.2, unapata kama kilojuli 1,428. Kuzitoa ndani ya sekunde moja kunahitaji kilowati 1,428. Injini ya nguvu ya farasi 75 hutoa kama kilowati 56. Hata ukiongeza joto lote la dizeli linalopotelea kwenye ekzosi na rejeta, hufiki hata karibu. Na bado maji yale yangepaswa kupoa tena nyuzi 34 katika sekunde inayofuata. Maji hayawezi kufanya hivyo.

Kwa hiyo maji hayakuchemka. Kilichobadilika ni habari iliyokuwa ikilifikia boksi la injini kuhusu maji. Tatizo lilikuwa kati ya sensa na boksi.

Fundi mwenyewe ndiye aliyelipata. Tuliwasha injini ikiwa imesimama, gia huru, mashine zote zimezimwa. Mimi nikawa naangalia namba, yeye anatikisa waya taratibu kuanzia kwenye plagi ya sensa. Alipofika pale waya zinapopita kwenye kibano cha chuma, namba ikaruka. Plastiki ya waya ilikuwa imechubuka kwa kusuguana na kibano. Matope mabichi yalipojaa hapo na trekta ikatikisika, umeme kidogo ulivujia kwenye bodi. Sensa ya aina hii, upinzani wake hushuka joto linapopanda, kwa hiyo uvujaji wowote kwenda kwenye bodi unaonekana kwa kompyuta kama joto kubwa. Tulisafisha, tukaunga waya upya, tukauvisha bomba la plastiki na kuufunga mbali na kibano. Alasiri ile trekta ilirudi shambani.

Kulikuwa na ubishi mdogo baadaye. Baadhi ya wanachama hawakutaka kumlipa fundi, wakisema alitaka kuwaingiza kwenye gharama. Mwenyekiti akaamua alipwe siku yake, na mimi nilimuunga mkono. Fundi hakudanganya. Alisoma namba ya hitilafu, na namba ilisema joto. Vidole vyake ndivyo vilivyougundua waya.

Tofauti ya namba ya hitilafu na mtiririko

Ukisahau mengine yote, hili lishike. Namba ya hitilafu ni muhtasari. Inakuambia boksi lilisikia nini. Haikuambii kama lilichosikia ni kweli. 110 na 0 ingetokea vilevile kama gasketi ingekuwa imekufa kweli. Lakini mtiririko wa sekunde kwa sekunde ungekuwa tofauti: 87, 88, 90, 93, 95, ukipanda polepole kadiri kazi inavyokuwa nzito, na kushuka polepole dereva anapopumzisha. Ugonjwa wa kweli wa joto una mwendo wake. Waya mbovu una mwendo mwingine. Huwezi kuutofautisha mwendo kwa kutazama namba moja.

Ni kama mahindi yenye majani ya njano. Nikikuambia tu "majani ni ya njano" hujui kama ni upungufu wa nitrojeni, maji yaliyotuama au ugonjwa. Lazima uangalie yalianza majani gani, ya chini au ya juu, na yalienea vipi.

Je, mashine yako ina tundu la kusikilizia?

Kwenye matrekta, mashine za kuvunia na malori mengi utakuta tundu la duara lenye pini 9, karibu na kiti cha dereva au chini ya dashibodi. Kila pini ina herufi. Kwa kawaida A ni negativu, B ni positivu ya betri, na C na D ndizo waya mbili za mtandao. Tundu jeusi ni la mtandao wa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde, la kijani ni la biti 500,000. Kabla hujachomeka kitu, thibitisha kwenye mchoro wa waya wa mashine yako.

Kwenye magari madogo na pikapu kuna tundu la pembe nne lenye pini 16, chini ya usukani. Marekani ililazimisha mfumo huu, OBD-II, kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Pini 6 na 14 ni za mtandao, 4 na 5 ni negativu, 16 ni betri. Tahadhari kwa magari yetu ya mtumba kutoka Japani: mengi ya miaka ya nyuma yana tundu la umbo hilohilo lakini hayazungumzi lugha hiyo. Kifaa kikikataa kuunganisha, haimaanishi gari ni bovu.

Jambo jingine la kuangalia ni voti. Matrekta mengi ni ya voti 12, lakini malori mengi ni ya voti 24. Vifaa vidogo vya bei nafuu vimetengenezwa kwa voti 12, ukivichomeka kwenye 24 vinaweza kuungua. Soma kilichoandikwa kwenye kifaa kabla ya kununua.

Unahitaji nini?

Ziko njia mbili.

Ya kwanza ni kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachoitwa ELM327, pamoja na programu ya simu. Kinatosha kwa gari dogo: kusoma hitilafu na kuangalia thamani chache kama joto, mzunguko na kasi. Vingi vilivyoko madukani ni vya kuigiza, na ukivitaka vikusikilizie kila kitu kwenye mtandao wenye shughuli nyingi vinazidiwa na kuandika BUFFER FULL. Usikitegemee kwa kurekodi.

Ya pili ni kifaa cha CAN cha kuchomeka kwenye USB ya kompyuta, na waya wenye kichwa cha pini 9. Kompyuta ikiwa na Linux, programu za kazi hii ni za bure. Mimi huandika mistari mitatu tu:

sudo ip link set can0 type can bitrate 250000 listen-only on
sudo ip link set can0 up
candump -l can0

Mstari wa kwanza ndio muhimu kuliko yote. Unaiambia kompyuta isikilize tu, isitume hata kitikio cha kupokea. Kwa namna hiyo hata kasi ukiikosea, huwavurugi wanaozungumza. Mstari wa tatu unaandika kila kinachosikika kwenye faili pamoja na muda wake.

Kama kikundi hakina uwezo wa kununua, unganeni vikundi viwili au vitatu mnunue kimoja. Tafuteni kijana aliyesomea umeme wa magari au kompyuta, afundishwe, awe mtunza kifaa.

Jinsi ya kusoma kilichorekodiwa

Faili ikifunguliwa inatisha. Ni maelfu ya mistari ya herufi na tarakimu. Usiogope. Namba hizi ziko katika mfumo wa heksa, unaohesabu 0 hadi 9 kisha A hadi F, ambapo A ni 10 na F ni 15. Kikokotoo cha simu chenye sehemu ya waandaa programu hubadilisha papo hapo. Kila mstari una kitambulisho upande wa kushoto na baiti nane upande wa kulia. Anza na hizi nne tu:

1. 0CF00400, mzunguko wa injini. Chukua baiti ya 4 na ya 5, zigeuze, kisha zidisha kwa 0.125. Ukiona 40 38, igeuze iwe 3840, ambayo ni 14,400. Zidisha kwa 0.125, unapata mizunguko 1,800 kwa dakika.

2. 18FEEE00, joto la maji. Chukua baiti ya 1, toa 40. Ukiona 7F ni 127, toa 40 unapata nyuzi 87. Ukiona A1 ni 161, toa 40 unapata 121. Ndivyo tulivyosoma chini ya mwembe.

3. 18FEEF00, presha ya oili. Chukua baiti ya 4, zidisha kwa 4. Ukiona 64 ni 100, zidisha kwa 4 unapata kilopaskali 400.

4. 18FECA00, hitilafu zilizopo sasa hivi. Humu ndimo zinamotoka zile namba za hitilafu.

Tarakimu mbili za mwisho za kitambulisho humtaja msemaji. 00 ni boksi la injini. Baiti ikiwa FF maana yake habari hiyo haipo kwenye mashine hiyo, na FE maana yake sensa ina hitilafu. Usije ukasoma FF kama nyuzi 215 ukapiga kelele.

Kwenye namba za hitilafu, tazama sana ile ya pili. Ikiwa 3 (umeme umezidi), 4 (umeme umepungua) au 5 (waya umekatika), anza na waya na plagi kabla ya kununua sensa. Na kumbuka mfano wetu: hata 0 inaweza kuzaliwa na waya.

Ukikuta kimya

Pengine utachomeka na usisikie kitu. Zima swichi, toa terminali ya betri, kisha weka multimita, ile tunayoiita testa, kwenye pini C na D upime upinzani. Mtandao mzima una kizuizi cha omu 120 kila mwisho wake, kwa hiyo ukipima unapata karibu 60. Ukipata 120, kizuizi kimoja hakipo au waya umekatika mahali. Ukikaribia sifuri, waya mbili zimegusana. Ukipata kama 40, kuna mtu ameongeza kizuizi cha tatu, na hapo uliza kama kuna kifaa cha ziada kilichofungwa, kwa mfano cha kufuatilia trekta ya mkopo. Vifaa hivyo vikifungwa ovyo kwenye waya za mtandao, huleta matatizo yasiyoeleweka. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta, na kila fundi anaweza kukifanya.

Rekodi trekta ikiwa nzima

Wengi huleta mashine ikishaumwa. Lakini sikujua mara moja kwamba 87 ni joto la kawaida la trekta ile. Tulilazimika kulisoma kwenye rekodi ileile yenye ugonjwa. Ingekuwa rahisi zaidi kama kikundi kingekuwa na rekodi ya trekta ikiwa salama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kabla ya msimu kuanza, baada ya sevisi, rekodi dakika 20: tano injini ikiwa imesimama na baridi, kumi ikilima, tano ikipumzika. Andika kwenye daftari la trekta tarehe, saa za injini, joto lilipotulia, presha ya oili injini ikiwa moto na ikizunguka taratibu, na presha ikiwa kazini. Fanya hivyo kila msimu. Presha ya oili ikishuka mwaka hadi mwaka katika hali ileile ya kazi, umeonywa mapema, na unaweza kupanga matengenezo wakati shamba limelala badala ya kushtukizwa katikati ya mvua.

Mambo usiyofanya

Usifute hitilafu kabla ya kuziandika. Kuzifuta hakuponyi chochote, kunampotezea fundi ushahidi.

Usitume ujumbe kwenye mtandao kwa kujaribu. Mashine inayosikia amri usiyoielewa inaweza kumuumiza mtu. Kazi yetu ni kusikiliza.

Usisome kompyuta huku trekta inatembea, na usimsimamishe mtu karibu na shafti ya PTO ili ashike waya. Funga kifaa, mwache dereva afanye kazi, soma baadaye. Waya upite mbali na pedeli.

Na usidhani mtandao unajua kila kitu. Hauwezi kukuambia kwamba diski za plau zimekuwa butu, kwamba bolti imelegea, kwamba grisi haijapakwa tangu mwezi jana, au kwamba dereva analima kwa gia isiyofaa. Masikio, pua na macho bado vina kazi.

Uliza kabla ya kununua

Kuna ujumbe ambao watengenezaji wameuacha wazi, kama ile minne niliyokuonyesha, na kuna ule wanaouficha, ambao huwezi kuuelewa bila programu yao. Wakulima wa Marekani wamegombania jambo hili kwa miaka. Januari 2023 John Deere ilitia saini makubaliano na shirikisho la wakulima la American Farm Bureau Federation kuhusu kuwapa wakulima na mafundi huru zana za uchunguzi, na mwaka huohuo jimbo la Colorado likapitisha sheria ya haki ya kutengeneza zana za kilimo. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ikaishtaki John Deere kuhusu suala hilohilo la matengenezo. Mzozo huo uko mbali nasi, ila matrekta yanayohusika ni ndugu wa haya tunayouziwa.

Kikundi chenu kikienda kununua, msiulize tu bei na nguvu ya farasi. Ulizeni: tundu la uchunguzi liko wapi? Mchoro wa waya tunapewa? Fundi wetu anaweza kusoma hitilafu kwa kifaa chochote, au lazima tumngoje mtu wa kampuni asafiri hadi kijijini? Mwombeni muuzaji majibu hayo kwa maandishi, na yasomwe kwenye kikao kabla ya saini ya mkopo.

Kwa wenye trekta tayari, kazi ya wiki hii ni ndogo: tafuteni tundu lilipo, lisafisheni, lifunikwe vumbi lisiingie, na muandike rangi yake na idadi ya pini kwenye daftari la trekta. Mkikwama, njooni na daftari hilo ofisini kwangu, tutaendelea kuanzia hapo.